Maswali yenu: nani mwenye kauli ya mwisho?

Ujerumani ina rais, mbona kila siku tunamsikia chansela tu?

Rais wa Ujerumani ni mkuu wa nchi: anatia saini sheria, anapokea mabalozi, anamteua rasmi chansela akishachaguliwa na Bunge. Kuendesha serikali ni kazi ya chansela. India na Italia ni hivyohivyo, ila huko mtendaji anaitwa waziri mkuu. Marekani kofia zote mbili amevaa mtu mmoja. Ufaransa iko katikati, na chama cha rais kikishindwa uchaguzi wa wabunge, huenda akalazimika kufanya kazi na mpinzani wake, kama Jacques Chirac alivyofanya na waziri mkuu Lionel Jospin kuanzia 1997 hadi 2002.

Waziri akivunja uongozi wa shirikisho la soka, kwa nini FIFA inaifungia nchi nzima? Wachezaji wamekosa nini?

Hawajakosa kitu, na hilo ndilo linaloniuma. Kanuni za FIFA zinataka kila shirikisho lijiendeshe bila kuingiliwa na mtu wa nje, serikali ikiwemo. Novemba 2021 serikali ya Kenya iliuvunja uongozi wa shirikisho lake kufuatia madai ya matumizi mabaya ya fedha, ikaweka kamati ya muda. Mwezi huohuo Zimbabwe nayo ilisimamisha bodi yake. Februari 2022 FIFA ikazifungia zote mbili, na timu zao zikaondolewa kwenye mchujo wa AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2023 bila kugusa mpira. Kenya ilifunguliwa Novemba 2022, Zimbabwe Julai 2023.

Bado naiunga mkono kanuni yenyewe. Bila hiyo, kila waziri mpya angekuja na mwenyekiti wake. Lakini naikataa tafsiri ya viongozi wanaoigeuza ngao, kana kwamba hesabu zao haziulizwi. Kanuni hiyo haimpi mtu kinga ya jinai. Mei 2015 polisi wa Uswisi waliwakamata maofisa wa soka hotelini Zurich kwa ombi la Marekani, na Uswisi haikufungiwa. Mwenye ushahidi wa wizi aupeleke kwa polisi na mahakamani, asiteue kamati.

Je, vyeo vya michezo vina ukomo?

Siku hizi vingi vinao. Issa Hayatou aliiongoza CAF, shirikisho la soka la Afrika, tangu 1988 hadi aliposhindwa uchaguzi wa 2017, miaka 29. Rais wa FIFA sasa ana mwisho wa vipindi vitatu vya miaka minne minne, ingawa mwaka 2022 baraza lake liliamua kwamba miaka ya mwanzo ya Gianni Infantino, 2016 hadi 2019, isihesabiwe. Kwangu, ukomo unaohesabiwa upya aliyemo akiwa bado kitini umepungua nguvu.

Nahodha ana haki ya kubishana na mwamuzi?

Hana. Sheria za soka zinasema wazi kwamba nahodha hana hadhi ya pekee, ila anabeba sehemu ya dhamana ya mwenendo wa timu yake. Kwenye mashindano yanayofuata utaratibu ulioonekana Euro 2024, yeye pekee ndiye anayeruhusiwa kumsogelea mwamuzi kuomba maelezo, kwa adabu; mwingine akimkimbilia anaweza kula kadi ya njano. Nahodha akiwa kipa, hateremki kutoka golini: mchezaji mwingine asiye kipa huteuliwa kwa kazi hiyo. Mwenye mamlaka hasa ni nahodha wa kriketi, maana mchezo ukiendelea yeye ndiye anayeamua nani arushe mpira na nani asimame wapi.