Wasomaji Wanauliza: Mimba, Sheria na Uzazi wa Mpango

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu, ikaharibika, damu ikawa haikatiki. Kliniki moja ilikataa kumpokea ikisema inaogopa polisi. Je, sheria ya Uganda inakataza hata matibabu? – Mama, Arua

Pole sana mama, wewe na mdogo wako. Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika si kosa. Iwe ilitoka yenyewe au kuna aliyeitoa, anastahili matibabu, na kazi ya mhudumu ni kuokoa maisha, si kupeleleza. Kituo cha afya daraja la tatu chenye mkunga aliyefunzwa kinaweza kumsafisha kizazi kwa pampu ya mkono. Wakishindwa, wampe rufaa kwenda daraja la nne au hospitali, tena wamwekee dripu kabla hajaondoka.

Asisubiri kuche akiona mojawapo ya haya: pedi kubwa mbili kulowa ndani ya saa moja na hali hiyo kuendelea saa ya pili, homa, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo kuwa gumu, au kizunguzungu. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: yai linaweza kupevuka tena kabla wiki mbili hazijaisha. Kama hataki mimba nyingine sasa, aombe njia ya kupanga uzazi siku hiyohiyo, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Hofu ya wahudumu ina chanzo. Sheria ya makosa ya jinai tuliyorithi tangu mwaka 1950 inampa anayetoa mimba kinyume cha sheria kifungo cha hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi 7, na anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika hivyo, hadi 3. Sheria hiyohiyo inamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, ili kuokoa maisha ya mama. Kisha ikaja Katiba ya 1995. Ibara ya 22(2) inasema hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa, isipokuwa kama sheria itakavyoruhusu. Hiyo sheria ya kueleza lini na nani, Bunge halijaitunga.

Wizara ya Afya ilijaribu kuziba pengo. Mwongozo wake wa 2006 ulitaja hali ambazo utoaji mimba unaweza kuruhusiwa, kama ugonjwa mzito wa mama, kasoro kubwa ya mtoto tumboni, kubakwa na kupewa mimba na ndugu wa damu. Mwongozo wa kina zaidi ulitolewa 2015, ukasitishwa baada ya viongozi wa dini kuupinga. Uganda pia iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2010, lakini ikaweka pingamizi kwenye kifungu kinachohusu utoaji mimba. Matokeo yake mkunga anashika mwongozo mkononi, na kichwani ana kifungo cha miaka 14. Sisi tunaamini Bunge lina deni hapa. Anayetaka sheria ikazwe na anayetaka ilegezwe, wote wanahitaji iandikwe, maana ukimya huu unawaumiza wanawake ambao hawajavunja sheria yoyote, kama mdogo wako.

Nesi alimchoma mke wangu sindano ya uzazi wa mpango bila kunishirikisha. Hii inaruhusiwa? – Baba, Busia

Inaruhusiwa, kaka. Mwongozo wa wizara unasema mteja hahitaji idhini ya mume wala mzazi, ya mdomo au ya maandishi. Ila tunakushauri uende naye tarehe ijayo. Sindano hubadilisha hedhi: mara inatoka matone wiki nzima, mara inakata kabisa. Wanaume wengi wasioelezwa hili hudhani mke anaumwa au ana siri, ugomvi unaanza.

Natumia dawa za virusi vya UKIMWI na nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi. Jirani yangu mwenye hali kama yangu alipata mimba kijiti kikiwemo. Nifanyeje? – Dada, Nakivale

Angalia kopo la dawa zako, dada. Kama lina efavirenz, dawa hiyo inalifanya ini livunje homoni ya kijiti haraka, kinga inapungua. Kama lina dolutegravir, ambayo ndiyo wengi wanapewa siku hizi, haina shida hiyo. Rifampicin ya kifua kikuu pia hudhoofisha vijiti na vidonge, kwa hiyo ukianza dozi ya TB mwambie mhudumu wa uzazi wa mpango. Njia zisizoguswa na dawa hizi ni sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba. Kondomu iendelee kwa vyovyote.

Kagua pia tarehe kwenye kadi. Implanon NXT, kijiti kimoja, inahesabiwa miaka 3. Jadelle, vijiti viwili, miaka 5. Kadi ikipotea, rudi ulikowekewa waangalie rejista, usikisie.

Padri anasema vidonge vya dharura ni kutoa mimba. Ni kweli? – Mwanafunzi, Gulu

Si kweli. Levonorgestrel, dawa iliyo kwenye vidonge hivyo, huchelewesha yai kutoka. Mimba ikishajishika, haiiondoi wala kuidhuru. Kipimo ni miligramu 1.5 mara moja: kidonge kimoja, au viwili vya 0.75 kwa pamoja. Meza mapema kadiri uwezavyo, vizuri ndani ya saa 72. Hadi siku ya tano bado husaidia, lakini nguvu imepungua. Ukitapika kabla ya saa mbili, rudia. Anayetumia efavirenz humeza kipimo maradufu.

Naweza kujichoma sindano mwenyewe nyumbani? – Mama, Kampala

Ndiyo, ile ndogo ya chini ya ngozi, Sayana Press, baada ya kufundishwa na mhudumu. Itikise kwa nguvu nusu dakika mpaka dawa ichanganyike, la sivyo unapata maji na dawa inabaki imeganda. Elekeza sindano juu, sukuma kifuniko kiingie mpaka nafasi kati yake na kifaa iishe. Hapa ndipo wengi wanakosea, na dawa haitoki. Vua kifuniko. Finya ngozi ya tumbo au ya mbele ya paja, ingiza sindano yote ikielekea chini, kisha bonyeza kifuko chenye dawa taratibu kwa sekunde 5 hadi 7. Chomoa ndipo uachie ngozi, na usipasugue. Andika tarehe; inayofuata ni baada ya wiki 13. Kifaa kilichotumika kitie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, ukirudishe kituoni.