Kabla Hujauza Pikipiki Ununue Kadi ya Michoro

Juzi kijana mmoja wa Jinja, mchezaji wa michezo ya kompyuta ya kurusha ndege, aliniandikia: "Kaka, Flight Simulator yangu inakwamakwama kila nikikaribia kutua. Niuze pikipiki ninunue kadi ya michoro?" Swali hilo nililijibu mwenyewe mwaka 2021, tena vibaya, na mpaka leo linaniuma.

Nilijibana miezi minane, mchana rolex moja (chapati ya mayai), jioni chai kavu, nikanunua kadi mpya, kile kifaa kinachochora picha za skrini, hapa Kampala. Muuzaji aliniapia kwamba kukwama kumekwisha. Usiku huo nikaipeleka ndege Heathrow, mvua inanyesha, uwanja umejaa ndege nyingine. Fremu 19 kwa sekunde, yaani picha 19 tu kila sekunde. Kadi ya zamani ilikuwa inanipa 18! Nilikaa gizani nikiitazama ile namba pembeni ya skrini, feni inavuma kama mashine ya posho.

Baadaye ndipo nikaelewa. Michezo hii huielemea sana prosesa, ubongo wa kompyuta: mwenendo wa ndege yako, ndege nyingine, mandhari inayopakiwa njiani, na sehemu kubwa ya mzigo hubebwa na kiini kimoja tu kati ya viini vya prosesa. Kadi yangu ya jasho ilikuwa imekaa tu ikisubiri.

Kwa hiyo pima kwanza, mdogo wangu. Shusha rezolusheni, yaani wingi wa nukta ambazo kadi huchora, hadi chini kabisa. Fremu zisipopanda, kadi haina kosa. Hapo punguza ndege nyingine uwanjani, punguza umbali wa mandhari yenye undani, na uziwekee fremu kikomo cha 30. Thelathini zilizotulia ni bora kuliko 50 zinazorukaruka. Anayetumia X-Plane, mchezo mwingine wa ndege, ajihadhari zaidi: fremu zikishuka chini ya 20 hivi, mchezo hupunguza mwendo wa muda, unadhani unaruka kumbe unatambaa.

Halafu fungua boksi la kompyuta. Mimi nilikuta vumbi letu jekundu limeshonana kwenye kipoozaji, nikalitoa kwa mswaki, kidogo kidogo. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ilikuwa kipande kimoja cha GB 8. Nikakiongezea pacha wake. Siku hiyo nilitua Entebbe, njia ya kutulia namba 35, ziwa likipita chini bila kushtuka hata mara moja.

Vijana, tusikimbilie dukani kabla ya kupima. Pesa zetu zinatoka mbali.

Nitumie namba mbili tu: fremu kabla ya kushusha rezolusheni, na fremu baada yake. Pikipiki iache hapo hapo ilipo.