Je, pamba hustawi katika shamba lisilolimwa lote?

SWALI: Mhariri, ninaishi Kayole, Nairobi, na nina ekari mbili za pamba nyumbani kwetu Mwingi. Msimu uliopita jirani yetu hakulima shamba zima kwa plau ya ng'ombe, bali alipasua mistari tu, akapanda humo na kuacha mabua ya mahindi juu ya udongo. Kaka yangu anayelisimamia shamba anasema huo ni uvivu. Nikimwiga jirani, mavuno hayatapungua?

JIBU: Kuacha plau kwenyewe hakupunguzi mavuno, magugu ndiyo yanayoweza kuyapunguza, na hapo kaka yako ana hoja. Mche wa pamba hukua polepole katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, na magugu ambayo plau ingeyafukia huupita upesi. Basi tenga fedha za palizi kabla hujanunua mbegu.

Faida kubwa iko kwenye maji, kwa kuwa mvua za vuli za huko kwenu hunyesha kwa kishindo kisha hukatika, na udongo uliofunikwa kwa mabua huyanywa maji hayo badala ya kuyaacha yateremke mtoni pamoja na rutuba. Hata hivyo, ng'oa kwanza shina moja la pamba ya msimu uliopita uutazame mzizi mkuu: ukiwa umeshuka wima, udongo wako ni mzuri, ukiwa umepinda kando kwenye kina cha shubiri moja, plau imeshindilia tabaka gumu chini, nawe huna budi kulipasua kwa ripa, yaani plau yenye jino jembamba linalochimba mstari bila kuupindua udongo, udongo ungali mkavu, kabla ya mvua. Usitarajie maajabu msimu wa kwanza. (Na mbuzi wazuiwe, maana mabua kwao ni karamu.)

Lakini usichanganye mabua ya mahindi na mashina ya pamba. Funza mwekundu hujificha katika vitumba vikavu hadi msimu ujao, na mbegu za Bt, yaani za pamba iliyobadilishwa vinasaba ili ijikinge na funza, zilizoruhusiwa kulimwa kibiashara nchini mwaka 2019, haziwazuii kangambili, wale wadudu wekundu wanaotia nyuzi madoa. Mashina hayo yang'olewe na kuchomwa mara tu baada ya mchumo wa mwisho, hata kama kaka yako atacheka kwamba walioacha kulima sasa wanang'oa.