Taichi, Mawese na Magoti ya Wazee Wetu: Maswali na Majibu

Tangu niandike hapa kwamba kikundi chetu cha wazee wa Mwanga, Kigoma, kimeanza kufanya taichi asubuhi, yale mazoezi ya Kichina ya kujongea polepole, maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi ya kuyajibu. Mengine yamekuja kwa simu, mengine nimeulizwa sokoni huku muhogo ukipimwa. Nimechukua yale yanayorudiwa zaidi. Nilifanya kazi ya unesi kwa miaka mingi, na wagonjwa walioniumiza roho kuliko wote ni wazee waliovunjika nyonga kwa kuteleza tu, usiku, wakienda msalani. Ndiyo maana swali la kuanguka nimelijibu kwa urefu.

Shikamoo mama. Mimi ni Mwislamu, naishi Ujiji. Nimeona picha za Wachina wakiinua mikono polepole kama watu wanaoomba. Hiyo taichi ni ibada?

Marahaba mwanangu. Si ibada. Asili yake ni mchezo wa kujihami. Unahusishwa na ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, tangu karne ya 17. Karne ya 19 mtu aitwaye Yang Luchan alijifunza kwao, kisha akaufundisha Beijing, na mtindo uliobeba jina la ukoo wake ndio unaofanywa na watu wengi zaidi duniani leo. Mwaka 1956 serikali ya China iliufupisha ukawa na mikao 24 ili raia wa kawaida aweze kuushika. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Ndani yake yamo mawazo ya kale ya Kichina, hilo sikufichi: kwamba nguvu na ulegevu hufuatana, mguu mmoja ukibeba uzito mwingine unakuwa mtupu. Lakini huna dua unayoisoma wala kitu unachokisujudia. Kikundini kwetu wamo wanaotoka msikitini baada ya alfajiri na wanaotoka misa ya kwanza, na wote wanasimama mstari mmoja.

Mama yangu ana miaka 71, anaishi Kasulu. Mwaka jana alianguka uani. Hakuvunjika, lakini tangu siku hiyo hataki kutoka, na hata kwenda jikoni anashika ukuta. Ndugu wanasema ni uzee, tumwache apumzike. Naweza kumfundisha taichi?

Msimwache apumzike. Nakuomba uwaambie ndugu zako kwa heshima, lakini uwaambie.

Mtu aliyeanguka huogopa, akiogopa hukaa, na akikaa misuli ya mapaja hupungua wiki hadi wiki. Siku akilazimika kuinuka haraka miguu haimbebi, anaanguka tena, na safari hii pengine ni nyonga. Watu wanaona hayo ni umri. Sehemu kubwa ni kukaa.

Kabla ya zoezi lolote, mpeleke kituo cha afya. Omba apimwe presha akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Wapo wazee ambao presha hushuka ghafla wakiinuka, hasa wanaotumia dawa za presha, na hao huona giza na kuanguka. Akibainika hivyo asiache dawa mwenyewe, daktari ndiye atakayeipanga upya. Apimwe sukari pia, kwa sababu kisukari huua hisia za nyayo na mtu hajui amekanyaga wapi. Macho yaangaliwe, maana mtoto wa jicho hutibika.

Halafu anzeni na kiti kizito cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Cha plastiki kinateleza, msikitumie. Akae, ainuke bila kujisukuma kwa mikono kama anaweza, akae tena taratibu. Mara tano zinatosha kwa siku za mwanzo. Akizoea, asimame nyuma ya kiti akishika mgongo wake, miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo. Ahamishe uzito wote kwenye mguu wa kushoto polepole, kwa muda wa pumzi moja ndefu, halafu wa kulia. Wewe simama ubavuni kwake, si mbele, mkono wako ukiwa karibu na kiuno chake bila kumshika. Baada ya wiki chache anainua kisigino cha mguu mtupu, baadaye mguu mzima, na siku moja utaona anashika kiti kwa vidole viwili tu.

Hiyo tayari ni taichi. Kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, na mzee anayeburuza miguu ameshaacha kuuamini mguu mmoja. Taichi inamrudisha kwenye jambo hilohilo akiwa na muda wa kutosha wa kulisikia. Mwaka 2018 watafiti wa Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya watu 670 wenye miaka 70 na kuendelea waliokuwa wameshaanguka au kutembea kwao kuna shida. Waliofanya taichi iliyotengenezwa kwa ajili ya uwiano wa mwili, yaani kusimama bila kuyumba, kwa wiki 24, walianguka kwa asilimia 58 chini ya waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Hata dhidi ya mazoezi ya kawaida yaliyochanganywa, ya nguvu na viungo, ilikuwa chini kwa asilimia 31. Shirika la Afya Duniani nalo linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya uwiano na nguvu angalau siku tatu kwa wiki.

Na nyumba iangalieni. Kandambili zilizolika nyayo zitupeni. Ndoo zisikae njiani. Sakafu ya bafu isiachwe na sabuni, na mama awe na tochi kitandani, mahali mkono wake unapofika bila kupapasa. Kama choo ni cha nje, mpigieni nguzo au bomba la kushika mlangoni. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na mzee aliyelazwa miezi.

Nauza dagaa Kibirizi. Nachuchumaa na kuinuka mchana kutwa. Goti la kulia linauma nikipanda kilima kwenda nyumbani. Nikifanya taichi si ndiyo litaharibika?

Pole kwa kazi, dada. Goti linaloumia kwa kazi halipendi kuachwa bila kujongea. Kuna utafiti wa Boston uliotolewa mwaka 2016: watu 204 wenye maumivu ya goti yatokanayo na kulika kwa viungo, nusu wakafanya taichi, nusu wakapata fiziotherapia. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana.

Lakini ufanye sawasawa. Ukikunja goti, lielekee upande vinakoelekea vidole vya mguu, lisiingie ndani na lisivuke ncha ya vidole. Usishuke chini kama wanavyoshuka vijana kwenye video, simama juu tu. Usigeuze mwili mguu ukiwa umebeba uzito wote. Hamisha uzito kwanza, ndipo ugeuze. Wengi wanaosema taichi imewaumiza magoti wamekosea hapo. Na pale mwaloni tafuta kigoda, uanue dagaa umekaa. Goti likivimba, likawa la moto, au likikataa kunyooka, nenda hospitali.

Mimi ni mzee wa miaka 74. Nina presha. Mjukuu wangu anasema mawese ni sumu. Nimekula mawese tangu nimezaliwa. Niyaache?

Shikamoo mzee wangu. Mawese si sumu, na mjukuu naye hajakosea kila kitu.

Mawese mekundu yasiyosafishwa yana kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na wekundu ule ndio alama yake. Upande wa pili, karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, ile inayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Alizeti ina kiasi kidogo sana cha aina hiyo, karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo yanabaki kuwa kiungo cha kuipa mboga ladha na rangi, vijiko viwili vitatu kwenye sufuria ya sombe (kisamvu) ya familia nzima. Mboga kuogelea ndani yake, au kukaangia mihogo kila jioni, hapo ndipo pa kuacha. Na wale wanaoyachoma mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, nawasihi waache. Wanaunguza kile kizuri na kubaki na mafuta matupu.

Kwa presha yako, mzee wangu, mimi ningeanza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo inahesabiwa ile ya kwenye mkate, ya mchuzi mix na ya samaki mkavu. Migebuka ya chumvi iloweke, umwage maji, uioshe tena ndipo upike, na usiongeze chumvi nyingine. Kibakuli cha chumvi kiondoke mezani kabisa. Limao, tangawizi, vitunguu na pilipili vitakufaa. Ulimi utalalamika wiki mbili tatu, kisha utazoea.

Nimeambiwa nina kisukari. Hapa Kigoma bila ugali wa muhogo mtu hajala. Nile nini?

Kula ugali wako, ila uukate. Sahani yako igawe: nusu mboga za majani, robo ugali, robo dagaa au maharage. Wengi wetu tumeigeuza, mlima wa ugali na mboga ya kuchovya. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, hauna protini ya kutosha, kwa hiyo ukila mwingi sukari inapanda na misuli haipati kitu. Ukichanganya na dona, nafuu. Chai iwe bila sukari, soda uiache. Baada ya mlo tembea hata dakika kumi au kumi na tano badala ya kulala, maana misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu. Kama unatumia sindano ya insulini au vidonge, mwambie daktari wako unapobadilisha mlo, sukari isije ikashuka mno.

Muhogo mchungu nao uvundikwe ipasavyo: umenywe, ulowekwe siku kadhaa mpaka ulainike, ndipo uanikwe ukauke kabisa. Njia za mkato huacha sumu ndani ya unga.

Hapa nina jambo la kusema kwa familia zote, hata zisizo na kisukari. Katika nyumba nyingi samaki hupewa baba na wageni, babu na bibi wakaletewa ugali na mchuzi kwa sababu “hawana meno”. Mzee anahitaji protini pengine kuliko kijana, kwani misuli yake inapungua haraka. Tuna ziwa hapa mbele yetu. Dagaa wakiliwa wazima na mifupa yao wanampa protini na madini ya chokaa kwa pamoja. Kama hana meno, watwangeni dagaa waliokaushwa vizuri, mchemshe na maharage laini. Mazoezi ya taichi kwa mtu asiyelishwa hayatajenga mguu.

Niko Tabora, kwetu asali ipo tele. Nikiacha sukari nikatumia asali, si nimepona?

Asali ya Tabora ni nzuri na naipenda, lakini ndani ya mwili ni sukari. Kijiko kimoja kwenye uji, sawa. Mgonjwa wa kisukari aihesabu kama sukari. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe kabisa, hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia.

Nina miaka 26, nacheza mpira. Hayo si mambo ya wazee?

Jaribu kusimama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, dakika moja bila kutikisika, kisha mguu wa pili. Paja litakujibu. Kifundo na goti vilivyozoea kubeba uzito kwa utulivu vitakufaa uwanjani. Endelea na mpira wako, ongeza taichi siku mbili kwa wiki.

Sisi huku Kibondo hatuna mwalimu. Tutajifunzaje?

Msianze na mikao yote 24. Kwenye simu tafuteni video ya mwalimu anayeonekana mwili mzima, hasa akiwa amewapa mgongo, ili kulia kwake kuwe kulia kwenu. Chagueni mitatu. Mimi ningechagua ule wa kufungua, ambapo mikono inapanda na kushuka pamoja na pumzi. Ule uitwao mikono kama mawingu, unaohamisha uzito upande kwa upande. Na ule wa kutenganisha manyoya ya farasi-pori, unaofundisha kupiga hatua mbele bila kudondokea mguu. Fanyeni hiyo mitatu mwezi mzima. Mgongo wima, mabega chini, pumzi itoke tumboni na isizuiwe. Mnapaswa kuweza kuzungumza huku mkifanya.

Muda ni dakika ishirini au thelathini, siku nyingi za wiki, asubuhi kabla jua halijawa kali. Anayehisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata akae chini papo hapo na apelekwe kupimwa. Fanyeni kwenye udongo ulioshindiliwa au sakafu kavu, si kwenye mchanga unaozama. Na mkutane wengi, wawili watatu angalau, maana anayefanya peke yake huacha mvua za kwanza zikinyesha.

Wa hapa Mwanga mnaotaka kujiunga, njooni na viatu bapa visivyoteleza na chupa ya maji. Anayetumia dawa za presha au kisukari aje na kadi yake ya kliniki, niisome kabla hajaanza.