Mwanga sio vumbi la barabarani tu: maswali yenu na majibu

Nilivyogusia wilaya ya Mwanga, hapa mkoani Kilimanjaro, juzi maswali yakamiminika, mengi ya watu wa hapa Moshi ambao wanapita pale kila wakienda Dar. Nachukua yale yaliyojirudia.

Kila nikipita na basi naona vichaka, mkonge na vumbi. Watu wanaishi na nini pale? (Kaka wa Majengo)

Kaka, barabara imekupitisha upande mkavu. Milima ya Upare inadaka mvua ya kutoka baharini, ikimwaga kule juu na mashariki, sasa huku magharibi barabara ilikopita panabaki makombo. Ila shuka Mwanga mjini, panda gari ya Usangi au Ugweno, dakika chache tu unaanza kuona migomba, kahawa, maharage, na huko juu kabisa msitu wa Kindoroko, zaidi ya mita 2,100, hata hewa inabadilika unatafuta sweta. Wazee kule walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya mito usiku, asubuhi yanafunguliwa yanaingia kwenye mifereji na kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Ile zamu ndio ilikua serikali yenyewe kabla ya serikali, na mimi naiheshimu sana, maana bila watu kuelewana hakuna mfereji unaofika shamba la mwisho.

Mwanga na Same ni kitu kimoja au? (Dada wa Pasua)

Zilikua wilaya moja ya Pare, zikagawanywa 1979. Kwahiyo wazee wakisema "Pare" wanamaanisha zote mbili. Tangawizi unayoisikia ni ya milima ya Same, usiipeleke Mwanga.

Babu yangu Mchaga alikua anasema mikuki ya zamani ilitoka Ugweno. Ni kweli? (Mama wa Rau)

Kweli kabisa mama, na hapa ndio mimi naumia watu wasivyojua. Ugweno palikua na wahunzi, ukoo wa Washana, walikua wanakusanya mchanga wenye madini ya chuma kwenye vijito, wanauyeyusha kwa tanuru za udongo na mivukuto, wanapata majembe, mashoka, mikuki, na bidhaa zinavuka mpaka Uchagani watu wanabadilishana na mifugo. Masimulizi ya Wagweno yanasema Washana ndio walikua watawala, baadae ukoo wa Wasuya ukawapindua na kujenga ufalme uliounganisha milima ya kaskazini, vijana wakapitishwa kwenye jando moja chini ya mtawala mmoja. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria ambae nae ni Mpare, alizunguka kukusanya habari hizi kwa wazee miaka ya 1960, kabla hawajaondoka nazo. Kwahiyo ule mlima unaouona kwa mbali ukiwa Himo ulikua na viwanda vyake karne nyingi kabla ya reli ya Tanga kufika Moshi 1911.

Nyumba ya Mungu ni bwawa la umeme au la samaki? (Kijana wa Njoro)

Vyote, na ugomvi unaanzia hapohapo. Lilijengwa miaka ya 1960 pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana kuwa mto Pangani, mtambo wake ni megawati 8 tu, lakini maji yanayoachiwa pale ndio yanaenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kule Tanga. Wavuvi nao wakajaa, perege wakatapakaa mpaka masoko ya Moshi, afu nyavu za macho madogo zikaanza kukomba hadi watoto wa samaki na uvuvi ukawahi kusimamishwa kwa muda. Sasa umeongezeka mradi mkubwa wa maji ya kunywa wa Same, Mwanga mpaka Korogwe, unaochota humohumo. Mimi nasema mradi ni haki ya watu, akina mama wa tambarare wamebeba ndoo miaka mingi sana, ila kila anaekata mti Kilimanjaro au Meru, maji yanakotoka, ajue anapunguza maji ya bwawa hilo.

Na Ziwa Jipe je? (huyohuyo)

Lipo mpakani na Kenya, linapata maji ya mto Lumi kutoka Kilimanjaro. Magugu na tope vimelibana vibaya, mitumbwi inapita kwa shida. Nchi mbili, ziwa moja, lisiposafishwa pande zote mbili kazi ni bure.

Mzee Msuya alitokea huko? (Msomaji wa Kiboriloni)

Ndio, Usangi. Cleopa Msuya alikua waziri mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995, akawa mbunge wa Mwanga, alifariki Mei 2025.

Nataka kununua shamba tambarare ya Mwanga, bei ni nzuri. Nifanye? (Kaka wa Soweto)

Bei ni nzuri kwa sababu mvua ni mbaya. Uliza maji yanatoka wapi kwanza. Upande wa Kileo na Kivulini wanalima mpunga kwa mifereji, hapo kuna maana, lakini ujue zamu ya maji ni ya nani na kama shamba lako lipo mwisho wa mfereji. Nenda mwezi wa tisa au wa kumi, sio masika, ongea na majirani wawili watatu na ofisi ya kijiji, afu ndio utoe hela.