Usiziguse hizo fedha za harusi

Umeeleza kwamba umeachishwa kazi, kwamba mwenzako amerudi kwao Moshi na kwamba hujitambui tena, ukauliza mtu afanye nini ili abaki yule yule wakati kila kitu kinabadilika. Kisha, katikati ya maswali ya kuhama Sinza na ada za watoto, umepenyeza sentensi moja: wewe ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya rafiki yako, na michango hiyo utaiazima kidogo, kwa kuwa kila mtu anajua wewe ni mwaminifu. Mengine nimeyasoma mara moja. Sentensi hiyo nimeisoma mara nne, kwa sababu niliwahi kuisema mimi, karibu kwa maneno hayo hayo.

Mwaka 2020 nilikuwa mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha watu 27 huku Tandika, nikiwa nimepoteza kazi ya utunzaji wa stoo miezi mitatu kabla, kodi ya nyumba inadaiwa na mama amelazwa. Kikoba chetu kilianza na sanduku la makufuli matatu, funguo zikikaa kwa watu watatu tofauti; tulipohamishia fedha kwenye simu, tukijiona tumeendelea, funguo tatu ziligeuka namba moja ya siri, nayo niliijua mimi peke yangu. Nikatoa laki nne.

Laki nne hiyo siyo kosa ninalotaka kukusimulia. Kikundi kilikuwa kikijiandaa kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo inaviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne, hivyo vitabu vilitakiwa viwe safi. Pengo lile nililiziba kwa kuandika mkopo kwa jina la mama mmoja muuza vitumbua, ambaye nilijua kwamba hasomi vizuri na kwamba hukopa mara kwa mara. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa mtihani wa darasa la saba. Nilijiambia kwamba nitarudisha kabla ya kuvunja kikoba na kugawana akiba mwezi Desemba, naye hatajua kamwe. Desemba ilifika sina kitu, na mwenyekiti akamsomea deni lake mbele ya kikao. Mama yule alisimama akasema hakuchukua, akafungua fundo la kanga na kutoa kitabu chake cha hisa ili wanaojua kusoma wasome. Wenzake wakaanza kumkumbusha madeni ya miaka ya nyuma, mmoja akamtaja hata marehemu mumewe, na mimi, mwaminifu wa mtaa mzima, nilikaa kimya nikichezea kifuniko cha kalamu. Jambo hilo lilichukua karibu saa nzima. Nilikiri siku tatu baadaye, usiku, nyumbani kwa mwenyekiti, kama mwizi anayerudisha kuku. Fedha nilizilipa kwa miezi minane. Mama yule hakurudi kikobani, na hadi leo asubuhi napita upande wa pili wa barabara ili nisikutane na kikaango chake.

Kuna mshauri mmoja wa semina za kujitambua, niliyemlipa elfu thelathini wakati sina hata nauli ya daladala, aliyenifundisha kwamba dhoruba humvua mtu utu wake wa zamani na kwamba hatupaswi kuwa watumwa wa jana. Utu huo wa zamani ndio uliokuwa ukinizuia kuiba! Alinivua, akachukua ada yake, akapanda bajaji. Nakiri kwamba nilimwamini haraka kwa kuwa alinipa ruhusa niliyokuwa nikiitafuta.

Wala usidhani nilikosa malezi. Marehemu baba alikuwa mwanachama wa TANU na alitukaririsha ile ahadi ya chama kwamba cheo ni dhamana, wala hakitumiwi kwa faida binafsi. Siku ninatoa fedha niliikumbuka vizuri kabisa, ila niliona inawahusu mawaziri. Uaminifu niliojisifia kwa miaka 14 ulikuwa ukilipiwa na mshahara, haujawahi kulala njaa hata siku moja, nami nikautumia kama kibali: kwa kuwa mimi ni mwaminifu, basi nitakachofanya hakiwezi kuwa wizi.

Kwa hiyo sasa nina kanuni moja, na ndiyo pekee niliyo nayo: sigusi mali ya watu kabla sijataja kiasi na sababu mbele ya wenyewe. Mpigie mwenyekiti wa kamati leo, mwambie huna kazi, omba fedha zihamie kwa mtu mwingine au zitolewe kwa idhini ya watu wawili. Ukihitaji mkopo, uombe kikaoni; wakikataa, wamekataa. Kama unahisi kwamba ombi hilo halitamkiki mbele ya wajumbe, mimi nimeshakueleza linakokwenda.

Uliuliza pia kuhusu kuhamia Chanika na namna ya kuwaambia watoto. Hayo tutayazungumza ukishapiga simu. Harusi yenyewe umesema ni tarehe ngapi?