Dawa mpya za VVU: mliyouliza

ARV zipo na zinafanya kazi. Za nini tena dawa nyingine?

Kwa sababu kirusi hiki hakitulii. Kinapojinakili hukosea mara kwa mara, na kimeng'enya chake, yaani protini inayoendesha kazi hiyo ya kunakili, hakiwezi kusahihisha makosa hayo. Mengi hukidhuru chenyewe, lakini machache hukipa uwezo wa kuhimili dawa. Huo ndio usugu. Kwa mgonjwa ambaye dawa zilizopo zimeanza kumkatalia, dawa mpya ni uhai.

Dawa ya kwanza ilipatikanaje?

AZT ilitengenezwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz wa Marekani, aliyekuwa akitafuta tiba ya saratani. Haikufaa, ikawekwa kando. Ilipojaribiwa dhidi ya VVU ilionyesha nguvu, ikaidhinishwa mwaka 1987. Peke yake ilizidiwa na usugu. Nafuu kubwa ilikuja mwaka 1996, dawa tatu zilipoanza kutumiwa pamoja.

Ni kweli kuna sindano ya mara mbili kwa mwaka?

Ni kweli, na mimi naihesabu kati ya hatua kubwa kabisa katika safari hii. Inaitwa lenacapavir. ARV nyingi hulenga vimeng'enya vya kirusi. Hii hushika kapsidi, yaani ganda la protini linalobeba vinasaba vyake. Ganda hilo lazima lihimili safari hadi kwenye kiini cha seli, kisha lifunguke kwa wakati wake. Dawa huvuruga kazi hiyo, na virusi vipya vinapoundwa huharibu pia ujenzi wa maganda yao. Mwaka 2022 iliidhinishwa kwa wenye virusi sugu kwa dawa nyingi, nao huitumia pamoja na ARV nyingine. Kwa upande wa kinga, katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 walichomwa sindano hiyo na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024.

Basi inaponya?

Hapana. Vinasaba vya kirusi hujipachika ndani ya vinasaba vya baadhi ya seli za kinga na kulala humo, mahali dawa za sasa haziwezi kuving'oa.

Nimechoka na vidonge. Niviache nikisubiri sindano?

Usiviache, tafadhali. Ukisimamisha dawa, kwa kawaida virusi huibuka tena ndani ya wiki chache. Mweleze mhudumu wako wa kliniki kuhusu uchovu huo; wengi hubadilishiwa dawa wakabaki na kidonge kimoja tu kwa siku.